Mwongozo kamili wa Luanti kwa sisi tulio Uganda: kutembea, kujenga na kupata marafiki bila kumaliza bando

Watu wengi wakisikia dunia ya mtandaoni wanawaza kompyuta kubwa, kadi ya benki na bando ya kufa mtu, basi wanaachana nayo hata hawajajaribu. Hii ninayoelezea hapa haidai hayo. Inaitwa Luanti, zamani ilikuwa Minetest, jina lilibadilishwa Oktoba 2024 kwahiyo ukikuta wakongwe wake bado wanasema Minetest usichanganyikiwe, ni kitu kimoja. Aliyeianzisha mwaka 2010 ni Perttu Ahola wa Finland, na mpaka leo ni ya bure kabisa, hakuna kununua, hakuna matangazo, hakuna kifurushi cha mwezi. Ukiiona utasema ni Minecraft, na kweli zinafanana sura, dunia ya vipande vya mraba unavunja unaweka unajenga, lakini Luanti yenyewe ni mtambo tu ambao juu yake unapakia gemu unayotaka.

Ukubwa sasa. Kutoka katikati ya dunia unaweza kwenda karibu bloku 31,000 kila upande, na juu na chini vilevile. Bloku moja tunaihesabu mita moja, kwahiyo ukingo hadi ukingo ni kama kilomita 62, ukitembea kwa mguu ni kama umetoka Kampala kwenda Jinja na bado hujafika lakini umechoka. Nafasi iko ya watu wote wa mtaa wenu, tatizo ni kupata watu wa kuijaza, na hiyo ndo sehemu kubwa ya mwongozo huu.

Kuipata na kuiweka

Kwenye simu ya Android ingia Play Store au F-Droid, duka lingine la programu za bure, uandike Luanti. Angalia jina vizuri manake kuna gemu kibao zimeundwa juu ya programu hiyohiyo alafu zikajazwa matangazo mpaka huoni miti. Kwenye kompyuta nenda luanti.org, chukua la Windows, linakuja kama faili ya zip, unalifungua kwenye folda unabonyeza programu basi, hakuna cha kusakinisha. Na hapa kuna faida ambayo wengi hawaijui: hiyo folda ya Windows unaweza kuinakili nzima kwenye flashi na kuipeleka kompyuta ingine ikafanya kazi vilevile, na gemu zako na dunia zako zote ndani. Kwahiyo mtu mmoja apakue penye Wi-Fi nzuri, wengine wachukue kwa flashi. Ukikumbuka kwamba tangu Julai 2021 bando letu lina ushuru wa asilimia 12, kila megabaiti usiyoitumia ni yako.

Ukiifungua mara ya kwanza itakuambia huna gemu yoyote. Usishtuke. Nenda kwenye Content, humo kuna duka lao la bure linaitwa ContentDB, unachagua gemu unaisakinisha. Mbili ndo za kuanzia. Minetest Game ni tulivu, hakuna njaa, hakuna mazombi, unajenga kwa amani. VoxeLibre, ile iliyokuwa MineClone2, ina njaa, ina wanyama, na usiku yanatoka majitu ya kukufukuza. Mimi nasema anza na Minetest Game kama lengo ni kujenga na watu, manake mgeni akiuawa na zombi kila dakika tano hatarudi kesho. Vijana wanaotaka presha waende VoxeLibre baadaye.

Alafu bonyeza New kutengeneza dunia. Utapewa aina za ardhi: v7 ni ya kawaida, ina mchanganyiko, Valleys ina mito na mabonde na ukipenda vilima kama vya Kabale chagua hiyo, Flat ni tambarare tupu. Kuna kisanduku cha seed, ni namba au neno tu, mkitumia lilelile na aina ileile ya ardhi mtapata milima ileile, kwahiyo ukipata dunia nzuri andika seed yake mahali. Kuna pia kisanduku cha kuweka alama cha Creative Mode, hiyo ukiiwasha unapewa bloku zote bila kuchimba, ukiizima inabidi utafute mwenyewe. Kwa kujifunza, izime.

Siku ya kwanza ndani

Siku nzima, mchana na usiku pamoja, ni dakika 20 za saa yako, kwahiyo mwanga unaisha haraka. Kwenye kompyuta unatembea kwa W A S D, unaruka kwa space, unafungua mzigo wako kwa herufi I, kitufe cha kushoto cha mausi unakishikilia kuvunja na cha kulia kuweka. Kwenye simu unagusa ukashikilia kuvunja, kugusa haraka ni kuweka. Shift ni ya kunyata, na hiyo ijue mapema kwasababu ukinyata hudondoki ukingoni hata ukiwa juu ya paa, mafundi wote wa huko ndani wanajenga wakiwa wamenyata.

Vunja mti kwa mkono. Gogo moja linatoa mbao nne, mbao moja inatoa vijiti vinne. Mbao tatu juu zimepangwa mstari na vijiti viwili chini katikati, hiyo ni sururu. Chimba mawe, tengeneza sururu ya mawe kwa mpango uleule, alafu tafuta makaa, ni mawe yenye madoadoa meusi, unayakuta hata juu juu kwenye vilima. Kipande cha makaa juu ya kijiti kimoja kinatoa mienge minne. Mawe manane kuzunguka nafasi tupu ni tanuru, mbao nane vilevile ni sanduku. Ukishapata mienge na sanduku usiku haukutishi tena, chimba ndani ya kilima, ziba mlango, endelea kuchimba mpaka kuche.

Kutembea bila kupotea

Kwenye kompyuta bonyeza F5 utaona namba tatu za mahali ulipo, ya katikati ndo urefu wa kwenda juu au chini, na usawa wa maji uko karibu na sifuri. Seva zingine, yaani kompyuta za watu zinazobeba dunia ya kuingia wengi, huwa zinazificha lakini kwenye dunia yako unaziona. Andika namba za nyumbani kwenye karatasi. Nasema karatasi, kichwani hazikai.

Kwenye mapango kuna mbinu ya wachimbaji ambayo haihitaji namba: ukiingia weka mienge upande wa kulia tu, siku zote kulia. Ukitaka kutoka, hakikisha mienge iko kushoto kwako, utafika mlangoni hata pango liwe na njia mia. Na kwenye Minetest Game ile namba ya katikati, yaani kina, ina maana yake, shaba inaanza chini ya kama -64, chuma kinaanza kuwa cha uhakika chini ya -128, dhahabu -256, almasi mpaka -1024 huko. Kwahiyo mtu anayechimba kwenye -30 analalamika hapati dhahabu, mwambie aendelee kushuka.

Ukifa kwenye Minetest Game vitu vyako vinabaki palepale kwenye bloku la mifupa. Ni yako peke yako kwa dakika 20 hivi, baada ya hapo yeyote anaweza kulifungua. Usikimbilie kuanza upya, rudi kachukue.

Kucheza pamoja bila shilingi ya bando

Hii ndo nataka uishike kuliko yote. Luanti haihitaji intaneti kabisa ili watu wacheze pamoja, inahitaji tu wawe kwenye Wi-Fi moja, na Wi-Fi hiyo inaweza kuwa hotspoti ya simu ambayo data yake imezimwa. Nyie watano mmekaa kwenye kibaraza Busia au chumba kimoja Kisenyi, mnaingia dunia moja, na hakuna megabaiti hata moja inayokatwa.

Inaenda hivi. Simu moja inawasha hotspoti. Laptopu inaunganika kwenye hiyo hotspoti, na simu zingine zote zinaunganika hapohapo. Kwenye laptopu unachagua dunia yako, unaweka alama kwenye Host Server, unaandika jina na paswedi yako, unaacha Announce Server bila alama ili dunia yenu isiorodheshwe nje, alafu unaanza. Windows itauliza kama iruhusu programu kupita kwenye mtandao, kubali, hapo ndo wengi wanakwama manake wanabonyeza kukataa kwa mazoea na wenzao wanabaki nje wanagonga. Sasa fungua ile skrini nyeusi ya Windows inaitwa cmd, andika ipconfig, tafuta mstari wa IPv4, utaona namba kama 192.168 na zingine mbili mbele. Wape wenzako hiyo namba. Wao wanaenda Join Game, wanaiandika kwenye Address, kwenye Port wanaacha 30000, wanachagua jina, wanajisajili, wako ndani.

Na kitu kizuri zaidi, wageni hawahitaji kuwa na gemu. Wawe na Luanti tupu tu, picha na sauti zote zinatoka kwenye laptopu ya mwenyeji mara ya kwanza wanapoingia na zinabaki kwenye simu zao. Ila toleo la Luanti liwe la karibu karibu, mwenye la miaka ya nyuma sana atakataliwa. Kama APK yako, yaani faili ya kuiweka Luanti kwenye simu, ni mpya mtumie kwa Bluetooth.

Umeme ukikatika laptopu yenye betri inaendelea, na dunia inajisevu yenyewe kila baada ya sekunde chache kwahiyo hata ikizimika ghafla unapoteza kidogo sana. Kompyuta ya mezani isiyo na betri mimi singeiweka kuwa mwenyeji, sio na umeme wetu huu.

Jenga kitu ambacho wengine watakitumia

Kila mtu akianza anajenga nyumba yake, kubwa, ya vioo, mbali na wenzake, alafu baada ya wiki anachoka manake hakuna anayekuja. Anza na barabara. Barabara ya mawe upana bloku tatu kutoka pale watu wanapozaliwa, yaani wanapotokea wakiingia duniani, hadi kwenye maji, na mwenge kila bloku nane. Utashangaa, kila mgeni anaifuata barabara na anajenga pembeni yake bila kuambiwa, ndani ya siku chache una mtaa. Kisha stegi ya boda kwenye njia panda, kibanda cha rolex hata kama hakuna mayai, soko lenye masanduku yaliyo wazi ambamo mtu anaacha alichozidiwa anachukua anachohitaji. Ukitaka sanduku la kufuli ongeza kipande cha chuma kwenye sanduku la kawaida, hilo ni lako peke yako. Ila la soko liache wazi.

Kwa wanaotaka kujenga kitu cha kwetu, nyumba ya mviringo ndo inawashinda wengi manake bloku ni za mraba. Hii hapa hesabu yake. Chukua mviringo wa upana 9. Weka mistari minne ya bloku tano tano, mmoja kaskazini mmoja kusini mmoja mashariki mmoja magharibi, ukihesabu kutoka mstari hadi mstari wa mkabala pamoja na yenyewe iwe 9. Kwenye kila kona kati ya mistari miwili inabaki pengo, jaza bloku moja tu ya mshazari. Jumla bloku 24, na ukisimama mbali kidogo jicho linaona duara. Pandisha ukuta bloku tatu, toa mbili za mlango. Paa linaanza upana 11 ili litoke nje ya ukuta kama linavotakiwa, juu yake 9, juu yake 7, 5, 3, na moja ya kileleni. Nyasi zake ni bloku la majani makavu, ngano tisa zinatoa majani matatu, kwahiyo panda shamba kwanza, paa linakula ngano vibaya sana.

Kikundi kikishazoea mnaweza kukuza hesabu hiyohiyo mkajenga kitu kama Muzibu Azaala Mpanga, nyumba kuu ya makaburi ya Kasubi. Makaburi hayo yaliingia orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO 2001, nyumba kuu ikaungua Machi 16, 2010, ikajengwa tena kwa miaka mingi. Ndani ya paa kuna pete 52 za koo za Buganda. Pete 52 za bloku ni kazi ya wiki nyingi na ndo maana inafaa, kila mtu anapewa pete zake. Ukiona kazi inakwenda polepole, kuna modi, yaani nyongeza ya gemu, inaitwa WorldEdit, inajaza eneo zima kwa amri moja, lakini mimi naona inaua raha, itumie kusawazisha ardhi tu.

Mtagombana pia, hiyo lazima. Mtu ataingia aseme, "Kaka, nani kachukua makaa yangu?" na kila mtu atanyamaza. Kwenye dunia ya watu wanaojuana dawa yake ni kibao mlangoni, kikiwa na jina la mwenye nyumba na kipi mgeni aguse na kipi asiguse. Watu wanaheshimu kilichoandikwa.

Kwenda kwenye seva za nje

Ukitaka marafiki wa mbali, hapo sasa ndo unahitaji bando. Kwenye Join Game kuna orodha ya seva za watu duniani kote, kila moja inaonyesha wangapi wako ndani na vialama vya kama kuna kupigana. Angalia ping, yaani muda wa ujumbe kwenda kwenye seva na kurudi. Seva nyingi ziko Ulaya na Marekani kwahiyo kwetu huku ping inakuwa juu, na dalili yake ni unavunja bloku linarudi, unavunja linarudi. Chagua yenye ping ndogo na isiyo ya kupigana, kujenga kunavumilia ucheleweshaji, mapanga hayavumilii. Seva yenye modi nyingi inaweza kudai makumi ya megabaiti mara ya kwanza tu unapoingia, baada ya hapo inakumbuka. Kwahiyo mara ya kwanza ingia penye Wi-Fi.

Ukiingia huenda ukashindwa hata kuvunja jani. Andika /privs kwenye chati, ukiona interact haipo manake bado hujaruhusiwa, soma vibao vya pale unapozaliwa, mara nyingi kuna neno la kuandika au swali la kujibu kuthibitisha umesoma sheria. Ukishapata, tafuta sehemu isiyo ya mtu, na uliza hapa wanalindaje maeneo, seva zingine zina bloku la ulinzi unaloweka chini, zingine unaweka alama kona mbili kwa /area_pos1 na /area_pos2 alafu /protect na jina. Linda kabla hujajenga. Ukiharibiwa piga picha kwa F12 umpelekee msimamizi, usilipize, ukilipiza mtafukuzwa wote wawili.

Kwenye kuchati, salamu zetu ndefu huko haziendi. Andika hi, sema wewe ni mgeni, uliza swali moja la kweli. Anayekujibu mfuate baadaye kwa /msg na jina lake kama jambo ni lenu wawili. Lakini marafiki wa huko hawapatikani kwa maneno sana, wanapatikana kwa kazi: mkute mtu anachimba handaki la reli, muulize kama unaweza kumsaidia kubeba mawe, beba. Kesho atakutafuta yeye. Ingieni muda uleule pia. Watoto wa Ujerumani wakitoka shule saa tisa mchana, huku ni saa kumi au kumi na moja jioni kutegemea mwezi, huo muda seva zinachangamka na wewe bado uko macho.

Usalama kidogo, hasa kwa wadogo

Jina la ndani lisiwe jina lako. Usitaje shule, mtaa wala namba ya simu, hata kwa mtu ambaye mmejenga naye mwezi mzima. Kila seva ina akaunti yake peke yake na hakuna barua pepe ya kurudisha paswedi, ukiisahau inabidi umwombe msimamizi, kwahiyo iandike, na isiwe ile ya mobile money au ya kitu kingine chochote. Mtu akikuambia tuma pesa nikupe cheo au almasi, ondoka hapo. Almasi ziko -1024, nenda kachimbe. Mzazi, dunia ya hotspoti ya nyumbani haina mgeni asiyejulikana, mtoto wa miaka minane aanzie huko na seva za nje zisubiri.

Kutunza dunia yenu na kuitembeza

Ndani ya folda ya Luanti kuna folda inaitwa worlds, kila dunia ni folda moja yenye jina uliloipa. Funga gemu kwanza, nakili hiyo folda kwenye flashi, weka tarehe kwenye jina lake. Fanya hivo kila mwisho wa wiki na kabla ya kuongeza modi yoyote mpya, kwasababu modi mbovu ikigoma unaitoa tu na kurudisha nakala. Na kama una kikundi rafiki Arua au Kasese hawana Wi-Fi ya kuingia kwenu, wapelekee hiyo flashi kwa mtu anayesafiri na basi. Wataifungua kwao, wajenge upande wa mashariki nyie mkiwa mmesimamisha, wairudishe. Ila mkubaliane nani ana dunia wiki ipi, manake mkijenga wote kwa wakati mmoja mtakuwa na dunia mbili na hakuna njia rahisi ya kuziunganisha.